Msamaha Uliopelekwa Kawangware

Asubuhi ile Syombua alipojifunga leso kwenda Kawangware kuomba msamaha, hakuna mtu aliyekuwa amemhakikishia kwamba kuna kosa. Alichokuwa nacho ni maneno ya mlangoni tu. Jirani yake Kavetsa, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Syombua pale Kibera, alikuwa amesimama jana yake na karai la nguo kiunoni akasema, "Mama Ndinda, huko kwa Wamucii kuna kelele. Mkasi ule mkubwa umepotea. Nasikia wanataja msichana wako."

Basi. Hayo tu. Na hayo yakamtosha.

Ndinda alikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa foleni za unga wa manjano, naye alikuwa anajifunza kushona kwa Wamucii, mwanamke aliyekuwa na cherehani nne katika chumba cha mabati karibu na soko la Kawangware. Hakuwa ameandikwa kazi. Alikuwa mwanafunzi. Alifagia, alipiga pasi, alishona mapindo ya sare za shule, na jioni alirudi kwa miguu kupitia Jamhuri mpaka Kibera. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Tena kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la kushona mtaa wa Olympic aliyekwisha kusema, "Mlete akimaliza nimwandike, lakini awe msichana safi. Mimi wateja wangu wananiachia vitambaa vya harusi."

Mkasi wenyewe haukuwa wa kukatia karatasi. Ulikuwa ule wa chuma cheusi, mzito kama nyundo, unaokata nguo nne zikiwa zimepangwa pamoja. Wamucii alikuwa akimwazima mtu cherehani, hata pasi, lakini mkasi ule haukutoka mkononi mwake ila kwa kukatia mbele ya macho yake. Sasa ulikuwa umetoka, na aliyefunga duka jioni hiyo ni Ndinda.

Ukweli ni kwamba Syombua alikuwa ameanza kumchunguza mtoto wake kabla mkasi haujapotea. Wiki ya tatu hiyo. Aliona sanduku la bati la Ndinda limetiwa kufuli. Aliona viatu vipya vya raba, akauliza, akajibiwa, "Jentrix ameniazima." Jentrix ni msichana waliyekuwa wakijifunza naye. Aliona Ndinda akicheka peke yake akiosha vyombo, na alipomuuliza anacheka nini akasema hakuna. Kila kitu Syombua alikichukua akakiweka moyoni, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayekusanya kuni na hajui bado atapika nini.

Kwa hiyo siku ya habari za Kavetsa, Ndinda alipoingia, mama yake hakumuuliza habari ya kazi.

"Ndinda, mkasi wa watu uko wapi?"

Ndinda akaweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. "Unaniuliza uko wapi, ama unaniuliza kama nimeuchukua?"

"Nauliza tu."

"Mwaitu," akasema, akimwita mama yake kwa Kikamba, "nikikuambia sikuchukua, utaniamini?"

Syombua akainama akachochea jiko. Makaa hayakuhitaji kuchochewa. Ndinda akapita nyuma ya pazia akalala bila kula.

Sasa mzazi unayesoma, usicheke. Kwao Syombua, upande wa Kitui, mzazi hangoji kuitwa. Ukisikia jina la mtoto wako limetajwa vibaya katika boma la mtu, unatangulia wewe, tena mkono wako usiwe mtupu, na neno la kwanza ni tusamehe. Hujakubali kitu bado. Hilo neno linafungua mlango, watu wanapata kuketi, wanaulizana polepole, na mara nyingi inaonekana kitu kilianguka nyuma ya ghala, mnacheka, mnakunywa chai. Syombua alilelewa hivyo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba jijini mambo si hayo.

Akatoa kiondo kipya, kikapu cha mkonge alichokuwa amekifuma kwa miezi miwili, chenye mistari ya zambarau, akaenda.

Wamucii alikuwa mlangoni mwa duka lake, pini mdomoni. Akazitoa moja moja akimtazama.

"Karibu, Mama Ndinda. Leo umetukumbuka."

"Nimekuja, mama. Tusamehe. Mtoto ni mtoto. Kilichoharibika tutatengeneza."

"Tusamehe ya nini?"

"Ya huo mkasi."

"Kwa hivyo unajua ni yeye."

"Mimi nasema tusamehe kwanza, halafu tuketi tuongee."

Wamucii akageuka ndani. "Jentrix! Simamisha hiyo mashini. Umesikia huyu mama vile amesema?" Jentrix akasimamisha cherehani, akamtazama Syombua, akatazama chini. Ndinda alikuwa kwenye meza ya pasi. Pasi ilikuwa imesimama juu ya kola ya sare na ilikuwa inaanza kunuka.

Wamucii akapokea kiondo kwa mikono miwili, akakitundika kwenye msumari. "Asante. Nimepokea," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu.

Syombua akarudi nyumbani moyo umetulia. Zawadi ikipokelewa, maneno yamekwisha, ndivyo alivyojua. Saa nane mchana, askari wawili wakamtoa Ndinda kwenye meza ya pasi, wakampeleka kituoni. Jioni wakaja Kibera, wakapindua magodoro na masufuria. Mkasi hawakuupata, wakaondoka bila kurudisha kitu mahali pake.

*

Kesho yake kortini, kabla ya majina kuitwa, mtu mmoja mwenye faili kwapani alimsogelea Syombua pale nje kwenye ukuta.

"Wewe ndiwe mama ya yule msichana wa mkasi? Usiwe na wasiwasi. Mwambie akubali. Kosa dogo hili. Hakimu atamtisha kidogo, ampe faini, jioni mko nyumbani mnapika."

"Wewe ni wakili?"

"Mimi nasaidia watu."

"Nani amekuambia mimi ni mama yake?"

Akacheka. "Mama, hapa tunajuana."

Syombua hakupenda kicheko kile. Alimfuata kwa macho, akamwona anakwenda hadi upande wa pili wa ua, anasimama karibu na Wamucii. Wanajuana? Au alimwomba kiberiti tu? Hakuweza kujua, na kutojua kukamchoma zaidi.

Kavetsa naye akasema, "Si akubali tu, mama? Yaishe. Kukaa na kesi ni kama kukaa na mgonjwa ndani ya nyumba." Lakini Kavetsa huyo huyo ndiye aliyekuwa amemleta Mzee Wekulo, mzee wa kanisa lao, mkaaji wa Ayany, aliyekuwa tarishi wa korti miaka mingi kabla ya kustaafu. Wekulo alikuwa na koti la kijivu na sauti ya chini.

"Mama, nisikilize. Huyo mtoto akisema ni kweli, hakuna mtu atauliza swali tena. Hakuna. Atapakwa wino vidole na jina lake litaingia kwa kitabu. Faini utalipa na utasahau. Kitabu hakisahau. Nimebeba hivyo vitabu miaka ishirini na mbili."

Syombua akamtazama. Huyu naye anataka nini? Mzee ambaye hajamwomba, amevaa koti zuri, ameacha kazi zake zote kuja kusimama juani na watu asiowajua? Alisema asante, lakini mkoba wake akauhamishia bega la upande wa pili.

Wakaingia. Ndinda aliletwa kizimbani bila viatu, nywele zimesimama. Karani akamsomea shtaka, kwamba tarehe fulani, huko Kawangware, aliiba mkasi mmoja wa kukatia nguo, mali ya Wamucii. "Umesikia? Ni kweli ama si kweli?"

Ndinda akamtafuta mama yake kwenye viti.

Na hapa ndipo Syombua alipojijua. Alikuwa na nafasi ya kutikisa kichwa tu, hivi au hivi. Mtoto alikuwa anangoja kichwa cha mama yake. Lakini shingo ikakauka, kwa sababu moyoni hakuwa na jibu. Kama aliiba kweli? Kama akikataa na mkasi ukapatikana kesho?

Ndinda akangoja, akaona hakuna kitu kinachokuja, akamgeukia karani.

"Si kweli."

Akaachiliwa kwa dhamana. Kavetsa aliweka jina lake, na Syombua alipomshukuru akawa anajiuliza, mdomo ulioleta habari ndio huu sasa unaleta dhamana, kwa nini? Shaka ilikuwa imemwingia kama moshi unavyoingia kwenye nguo.

*

Mzee Wekulo alikuja Jumapili mbili mfululizo baada ya ibada, akaketi kwenye kigoda, akamfundisha Ndinda.

"Usihubiri. Korti si mimbari. Wewe uliza. Swali moja, jibu moja, nyamaza. Akijibu vibaya usimtukane, acha hakimu aandike. Sasa mimi ni Wamucii. Niulize."

"Kwa nini unanisingizia?"

"Hapo umeniomba nihutubie. Rudia."

"Uliniona nikichukua?"

"Haya! Hapo sasa umeniweka kona."

Ndinda akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya askari. Kisha mzee akamgeukia Syombua aliyekuwa anachambua mchicha.

"Na wewe, mama. Kesi yao yote ni wewe. Hawana mkasi, hawana shahidi wa macho, wana kiondo chako. Itabidi upande kizimba cha mashahidi useme kwa nini ulienda."

"Nitasema ni desturi yetu."

"Watakuuliza, ulimshuku mtoto wako ama hukumshuku?"

Syombua hakumtazama Ndinda. "Nitasema sikumshuku."

"Basi ulienda kuomba msamaha wa nini? Watakukausha pale juu. Sema ukweli vile ulivyo."

Ndinda alisimama akachukua debe kwenda bombani, ingawa maji yalikuwepo. Mzee naye akaaga. Syombua akabaki peke yake na sanduku la bati. Kufuli lilikuwa hafifu. Alilifungua kwa pini ya nywele. Ndani alikuta gauni la mtoto mchanga lililoshonwa nusu, vipande vya kitambaa, daftari lenye michoro ya mikono na shingo za gauni, na barua mbili ambazo hakuzisoma. Mkasi haukuwapo. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Syombua alijiambia, basi ameuuza. Akalifunga sanduku kama lilivyokuwa.

*

Siku ya kesi Wamucii alikuja amevaa suti ya kijani aliyojishonea. Alisema vizuri, bila hasira, mtu angedhani ni mwalimu. Mkasi ulikuwapo jioni, asubuhi haukuwapo, mwenye kufunga alikuwa Ndinda. Inspekta wa mashtaka alipomaliza kumhoji, hakimu akamwambia Ndinda aulize kama ana swali.

Ndinda akashika ubao wa kizimba. "Uliniona nikichukua mkasi?"

"Na macho, hapana."

"Nani aliniona?"

"Hakuna. Lakini wewe ndiwe ulifunga."

"Funguo za duka ni ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Nyumbani kwangu. Inaning'inia ukutani."

"Kwako mnakaa watu wangapi?"

"Sita. Na mgeni wa mume wangu." Watu wakacheka nyuma, na askari akawanyamazisha. Mzee Wekulo, aliyekuwa ameketi karibu na Syombua, akajigusa goti.

"Polisi walipekua kwetu. Walipata mkasi?"

"Hawakupata. Lakini mama yako alileta hii." Wamucii akainua kiondo, na mistari yake ya zambarau ikaonekana hadi viti vya nyuma. "Alikuja mwenyewe. Sikumwita. Mbele ya wanafunzi wangu akasema tusamehe, kilichoharibika tutatengeneza. Bwana Hakimu, mtu ambaye hajaiba analipia nini?"

Ndinda akauachia ubao wa kizimba. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, na kalamu yake ilisikika. Kiondo kikatiwa karatasi yenye nambari, kikawekwa juu ya meza ya karani kama kitu kilichookotwa barabarani. Jentrix naye akaitwa. Akasema alisikia maneno yale ya msamaha, na ni kweli, akashuka akiwa analia. Hakimu akasema mshtakiwa ana la kujibu.

Ndinda alijitetea kwa maneno machache: alifagia, akafunika cherehani, akafunga, akampelekea Wamucii ufunguo mkononi kama kila siku. Kisha akasema, "Shahidi wangu ni mama yangu," na alisema hivyo bila kumtazama.

Syombua akapanda. Akashika Biblia. Akaeleza desturi ya kwao, mkono usio mtupu, neno linalofungua mlango. Hakimu alisikiliza kwa heshima. Kisha inspekta akasimama.

"Ulisema tusamehe?"

"Nilisema."

"Ulisema mtatengeneza?"

"Nilisema."

"Binti yako alikuambia ameiba?"

"Hapana."

"Alikuambia hajaiba?"

"Alitaka kuniambia. Sikumpa nafasi."

"Kwa nini?"

Alitazama viti. Mzee Wekulo alikuwa ametazama mbele. Ndinda alikuwa anatazama mikono yake. Kusema sikumshuku kulikuwa karibu sana, pale kwenye ncha ya ulimi, na kungemwachia mama jina lake zuri. Akajua pia kwamba akisema hivyo, mtoto ataondoka hapo na askari.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshaamua ni yeye."

"Aha. Mama mzazi aliamua. Kwa nini uliamua?"

"Kwa viatu, bwana. Kwa kufuli. Kwa kucheka peke yake. Nilikuwa namtafuta tu. Akiongea nilisema anaficha, akinyamaza nilisema anaficha. Sikuuona huo mkasi hata siku moja. Juzi tu alipokwenda bombani nilifungua sanduku lake kwa pini. Haukuwapo. Unajua nilisema nini? Nikasema ameuuza. Sasa mtoto angefanya nini ndiyo mtu kama mimi amwamini?"

Ndinda akainua kichwa. Ya sanduku alikuwa hajui.

Inspekta akataka kuketi, lakini hakimu akauliza swali lake mwenyewe. "Mama, siku unapeleka hicho kiondo, kuna kitu ulikuwa umekiona au kusikia kutoka kwa binti yako, ama ni moyo wako tu?"

"Ni moyo wangu tu, bwana. Na maneno ya jirani."

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeona. Funguo zilikuwa mbili na nyumba ya ufunguo wa pili ilikuwa na watu saba. Msamaha haukutoka kinywani mwa mshtakiwa, na hofu ya mama haiwezi kumfunga mtoto. "Uko huru. Nenda."

Mkasi haujapatikana mpaka leo. Syombua ameshawashuku mgeni wa mume wa Wamucii, yule mtu wa faili, Jentrix, Kavetsa, na fundi aliyekuja kurekebisha paa. Hajui.

Nje, Mzee Wekulo alimpa Ndinda mkono akamwambia, "Umeuliza kama wakili." Kisha akaenda zake Ayany, na hakuomba kitu, siku hiyo wala siku nyingine. Syombua na Ndinda wakabaki chini ya ukuta.

"Ulifungua sanduku langu."

"Nilifungua."

"Lile gauni ni la dada ya Jentrix, amejifungua. Viatu ndivyo malipo yangu. Nilikuwa nimeanza kupata kazi yangu mwenyewe, mwaitu. Nilikuwa nataka nimalize nikuonyeshe." Hakupandisha sauti. "Ungeniuliza, ningekufungulia."

Jioni hiyo alilifunga sanduku kwa kamba akahamia kwa Jentrix, Kawangware.

Cheti Wamucii hakumpa. Lakini yule mama wa Olympic alisikia korti imemwacha huru, akampa kitambaa ashone mbele yake, akamwandika. Baada ya mwezi Syombua alikwenda kumsalimia. Ndinda akaja mbio, akampokea mkoba, akampa kiti, akamletea chai. Heshima yote ilikuwapo. Mwenye duka akasema, "Huyu ndiye mama? Karibu, karibu. Una mtoto mzuri."

Syombua alipokunywa nusu ya chai, Ndinda akavuta droo ya meza yake mpaka mwisho.

"Mwaitu, hii ni ya vifungo." Akavuta ya pili. "Hii ni ya nyuzi." Akavuta ya tatu. "Hii ni mikasi. Iko mitatu. Angalia."

"Sikuja kwa hayo, mwanangu."

"Najua. Lakini angalia tu, ndiyo ukae vizuri."

Mwenye duka hakuelewa, akatabasamu. Syombua alitaka kugeuza uso. Alitaka kweli. Lakini macho yalikuwa yameshashuka ndani ya droo, yamehesabu, mmoja, miwili, mitatu, na Ndinda alikuwa amesimama hapo akiyaona yanavyohesabu. Kisha akasukuma droo ikafunga, akarudi kwenye cherehani yake.